Mashua ya Sentimita 65: Kuichagua, Kuijenga na Kuipeleka Mashindanoni

Swali la kwanza si mashua ipi ina kasi. Swali ni nani mwingine hapo ulipo ana mashua, na yake ni ya daraja lipi. Chombo cha rimoti kisicho na mwenzake wa kupimana naye ni pambo la sebuleni, hata kiwe na matanga ya bei gani. Watu huona picha kwenye simu, wakapenda kitu kirefu chenye matanga meusi, wakaagiza Ulaya, ushuru wakalipa, na kikifika wanakuta kwamba kuanzia Vanga hadi Kiunga hakuna kingine cha kipimo hicho. Basi kabla hujatoa hata shilingi, tafuta wenzako wawili watatu, mkae baraza moja, mkubaliane daraja.

Daraja ni kanuni za vipimo: urefu usizidi kiasi gani, tanga lisizidi eneo gani, vifaa gani vinaruhusiwa. Yapo mengi, na mengine yana historia ndefu. Marblehead lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika mji wa jina hilo huko Massachusetts, Marekani, likiwa na mashua ya inchi 50 na tanga la inchi 800 za mraba. Wakati ule hakukuwa na rimoti. Usukani uliongozwa na kibawa kilichofuata upepo, na wenye mashua walitembea ukingoni mwa bwawa na fimbo mkononi, wakigeuza chombo kila kilipogusa kingo.

Leo daraja linalokusanya mabingwa wa dunia ni lile la mita moja, IOM, lililoanzishwa mwaka 1988. Urefu usizidi milimita 1,000, uzito usipungue kilo 4, na nyuzi za kaboni zimekatazwa kwenye mwili na kwenye mlingoti ili matajiri wasiwaache wengine mbali. Pamoja na katazo hilo, IOM mpya ya ushindani hukaribia bei ya pikipiki mpya au kuipita. Ni daraja zuri sana, lakini si la kuanzia.

Asiyetaka kujenga anunue DragonFlite 95 au dada yake mdogo wa sentimita 65, zote za kiwanda cha Joysway cha China. Zinatoka kiwandani zikifanana, na kanuni hazikuruhusu kuzibadilisha ila kidogo sana, kwa hiyo anayeshinda ni nahodha. Kama kundi lenu ni la watu wenye kazi nyingi na vidole vizito, nunueni hizo, mruke nusu ya makala hii, mkutane nasi majini. Iko pia Footy, yenye urefu wa takriban sentimita 30, ambayo watoto huipenda. Lakini kwa viwimbi vya pwani yetu hutumia muda mwingi ikipanda na kushuka kuliko ikisonga mbele.

Kwa mtu anayetaka kujenga kwa mikono yake, mimi nashauri RG65. Daraja hili lilienea kwanza Amerika Kusini, hasa Argentina na Brazil, miongoni mwa watu waliojenga mezani nyumbani kwa vifaa vilivyokuwepo. Kanuni zake kuu ni chache: mwili mmoja tu, urefu sentimita 65, eneo la matanga lisizidi sentimita za mraba 2,250, na seti kubwa ya matanga isizidi sentimita 110 juu ya sitaha. Uzito wa chini haukuwekwa, na vifaa havikubanwa. Mashua nzima inabebwa kwapani, inaingia kwenye daladala bila kulipiwa kiti, na kosa la ujenzi linakugharimu kipande cha mbao, si mshahara wa miezi.

Hesabu ya mkuku

Aliyekulia Lamu, Unguja au Bagamoyo huenda amewahi kuchonga kidau chenye tanga la mfuko wa plastiki, zamani kabla mifuko haijapigwa marufuku, akakishindanisha na vya wenzake. Vile vidau ama vilikuwa na mirengu kama ngalawa, ama vilipinduka. RG65 hairuhusu mirengu, kwa hiyo kazi yote ya kukisimamisha chombo inafanywa na risasi iliyo chini ya mkuku mrefu. Mgeni akiuona mkuku wenyewe hucheka: mashua ya sentimita 65 ina pezi la sentimita 30 na zaidi!

Sababu yake ni hesabu. Chukua jahazi, lipunguze nusu kwa kila kipimo. Eneo la tanga linabaki robo, na mlingoti unabaki nusu, kwa hiyo nguvu ya upepo ya kulilaza inabaki thumuni. Lakini uzito unabaki thumuni, na mkono wa mkuku nao unabaki nusu, kwa hiyo nguvu ya kulisimamisha inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kila ukipunguza nusu, chombo kinazidi kulazwa na upepo uleule mara mbili. Ukipunguza jahazi mara nyingi hadi likaenea mezani bila kubadili umbo lake, halisimami kabisa. Ndiyo maana mkuku unashushwa chini sana, na zaidi ya nusu ya uzito wote ni risasi.

Kwa hiyo kabla ya kushika msumeno, andika bajeti ya uzito. RG65 iliyojengwa vizuri nyumbani ina gramu 1,000 hivi. Chubwi la risasi chukua gramu 550. Pezi gramu 45, usukani 15, mlingoti na matanga na kamba zake 75. Betri, kipokezi cha rimoti na sevo mbili (mota ndogo za kuvuta usukani na matanga), gramu 130. Hapo mwili na sitaha yake vimebakiwa na gramu 185 hivi, gundi na rangi zikiwemo. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali, pima kila kipande kabla hujakigandisha, na uandike. Hicho ndicho chombo muhimu kuliko vyote mezani pako. Mafundi wetu wa majahazi hujenga kwa jicho na hawakosei, lakini kwao kilo tano za ziada hazionekani. Kwako gramu 50 zilizopotea kwenye rangi ni chombo kinachokaa chini majini na kuchelewa kuondoka kila upepo unapopungua.

Mwili

Usianze kwa kubuni umbo lako. Chukua mchoro wa RG65 uliokwisha kushindana. Ipo inayotolewa bure na wabunifu. Tafuta yenye upana wa sentimita 11 au 12, tezi isiyo pana mno, na omo ndefu nyembamba yenye kimo cha kutosha, maana mashua hizi zikisukumwa na upepo wa nyuma hupenda kuzamisha omo. Ukichapisha mchoro, pima kwa rula kile kistari cha kipimo kilichochorwa ukurasani kabla ya kukata chochote. Mashine za kuchapisha hupunguza kurasa kimyakimya.

Njia ya kwanza ni ya mbao. Unakata mataruma ya plaiwudi ya milimita 3, unayasimamisha kichwa chini juu ya ubao ulionyooka, taruma moja kila sentimita 6 au 7, kisha unayavika fito nyembamba zenye upana wa milimita 6 hadi 8, ukianzia ukingo wa sitaha kuelekea mkukuni, fito moja kulia, moja kushoto. Ukivika upande mmoja wote kwanza, mwili utapinda kama ndizi na hautanyooka tena. Wengi duniani hutumia balsa. Huku kwetu balsa ni ya kuagiza, lakini paini ya Mafinga ipo na inapasuka vizuri kwenye mashine ya seremala. Tatizo ni uzito: ngozi ya mwili ina sentimita za mraba 1,200 hivi, na kwa unene wa milimita 2 balsa itakupa chini ya gramu 40 wakati paini itakaribia gramu 115. Kwa paini shuka hadi milimita 1.5 na usipige msasa kwa huruma. Mninga na mvule waachie watengeneza milango.

Ukishavika fito, paka epoksi nyembamba nje pamoja na kitambaa chepesi cha faiba, chenye gramu 50 hadi 80 kwa mita ya mraba. Epoksi ya ziada ikwangue kwa kadi ya simu iliyokwisha muda. Kitambaa kinatakiwa kionekane kimelowa, kisielee. Chomoa mwili kwenye ubao, punguza mataruma ndani hadi yabaki pete nyembamba, paka mkono mmoja wa epoksi ndani.

Njia ya pili ni ya povu lile jeupe linalokuja na friji na televisheni. Unalichonga kwa waya wa moto na msasa, unalivika faiba, kisha unalikwangua kutoka ndani ukabaki na ganda. Ni ya haraka, na kwa mtu wa kwanza huenda ndiyo bora. Onyo moja tu: mafundi wa boti za faiba wa ufukweni hutumia resini ya poliesta, na resini hiyo inaliyeyusha povu papo hapo. Tumia epoksi pekee. Vaa glavu, kaa penye hewa. Epoksi ikikuzoea ngozini hukuletea mzio usioondoka.

Siku hizi kuna wanaochapisha mwili kwa mashine za kuchapisha vitu. Umbo hutoka safi, lakini plastiki inayotumika zaidi, PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60, na gari lililofungwa vioo juani linaikaribia. Utaiacha mashua kwenye buti saa sita mchana, uje uikute imelegea. Omba ichapishwe kwa PETG, au ibebe kivulini.

Sitaha isikusumbue. Tandaza plaiwudi ya milimita 0.8, au hata karatasi ya plastiki iliyovutwa na kugandishwa kando. Acha tundu la kuingiza vidole viwili, utalifunika kwa stika pana isiyopitisha maji. Kabla hujafunga sitaha, hakikisha kisanduku cha mkuku na tundu la mlingoti vimesimama wima na viko kwenye mstari mmoja na usukani. Tazama kutoka nyuma kwa jicho moja. Hapa jicho la fundi linafaa kuliko rula.

Omoni gandisha kipande cha mpira laini. Mtagongana.

Risasi

Chubwi la gramu 550 lenye umbo la sigara iliyonenepa katikati litakuwa na urefu wa karibu sentimita 15 na unene wa sentimita 2.5. Risasi utaipata kwa wauza zana za uvuvi, na kwa mafundi wa matairi kwenye vile vipande vya kubalansi gurudumu. Vya siku hizi vingine ni zinki au chuma. Risasi inakwaruzika kwa ukucha na inaacha alama ya kijivu kwenye karatasi, wenzake hawaachi. Usivunje betri kuukuu ya gari kutafuta risasi. Ile ni sumu juu ya tindikali.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto wa mkaa unatosha. Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, kwenye chombo ambacho hakitarudi jikoni kamwe, watoto wakiwa mbali. Kalibu ya plasta lazima iwe imekauka kabisa, siku kadhaa juani, kwa sababu tone la maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Vaa miwani, viatu vya kufunika na glavu za ngozi. Kama maelezo haya yamekutia hofu, iko njia isiyo na moto: panga machubwi madogo ya kuvulia kwenye kalibu na ujaze epoksi. Chubwi litakuwa nene zaidi kidogo na hutaungua.

Pezi lenyewe lichonge mkangazi wa unene wa milimita 6, upana wa sentimita 5 hadi 6 juu na pungufu kidogo chini, likiwa nene zaidi theluthi ya kwanza kutoka mbele na likachongoka nyuma. Livike faiba pande zote mbili siku moja, ili lisivutwe upande. Lifunge kwenye mwili kwa boliti ya chuma kisichoshika kutu, ulitoe unaposafiri.

Matanga

Hapa ndipo muda wako utumike. Mashua yenye mwili wa kawaida na matanga mazuri huishinda yenye mwili mzuri na matanga ya kawaida, kila mara, na hasa huku ambako upepo wa asubuhi ni mwepesi.

Utaulizwa kwa nini usiweke tanga la jahazi. Jibu liko kwenye namna jahazi linavyogeuka: mabaharia huizungusha tezi kwenye upepo, na foromali pamoja na tanga lake zikabebwa kupita mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Ni kazi ya watu na kamba. Rimoti yako ina mikono miwili tu, mmoja wa usukani na mmoja wa demani, yaani kamba ya kuvutia matanga. Kwa hiyo tunatumia matanga mawili ya pembetatu, tanga kuu nyuma ya mlingoti na tanga la mbele, kila moja na mti wake wa chini, yote mawili yakivutwa na kulegezwa na sevo moja.

Gawanya eneo hivi: tanga kuu sentimita za mraba 1,370, la mbele 880. Mlingoti uwe bomba la kaboni la milimita 6. Ukikosa, mirija ya alumini ya antena ya zamani ya televisheni inatosha kwa msimu wa kwanza. Kitambaa kizuri ni plastiki ya poliesta yenye unene wa maikroni 50, ile wachoraji ramani waliyotumia, au kitambaa chepesi cha kite. Kitambaa cha mwavuli kinafanya kazi, ila kinanyonya maji na kuvutika.

Tanga lililokatwa bapa tupu halisukumi vizuri, linahitaji tumbo. Likate vipande vitatu vya mlalo. Kwenye kila maungio, ukingo mmoja ubaki mnyoofu na mwingine ukatwe kwa mviringo mdogo wa milimita 2 hivi katikati. Ukizigandisha kingo hizo kwa utepe mwembamba wa gundi pande mbili, zile milimita 2 ndizo zinazozaa tumbo. Tumbo liwe karibu asilimia 8 ya upana wa tanga mahali hapo, na kina chake kikubwa kiwe mbele kidogo ya katikati. Milimita 4 ni nyingi mno: utapata puto linaloburuta mashua ubavuni. Pembe tatu ziimarishe kwa stika, ukingo wa nyuma utie vijiti vya plastiki vilivyokatwa kwenye filamu ya eksirei, na mwisho bandika vinyuzi vya sufi theluthi ya juu ya tanga la mbele, kimoja kila upande. Vinyuzi hivyo vitakufundisha zaidi ya makala yoyote: vyote viwili vikilala nyuma, unaenda sawa, cha joshini kikichezacheza, umeubana upepo mno, cha demanini kikicheza, umeuachia mno.

Tengeneza pia seti ya pili, ndogo, yenye kama robo tatu ya eneo la kwanza, kwenye mlingoti wake mfupi. Kusi linapovuma alasiri mwezi wa Julai, seti kubwa huilaza mashua na usukani ukawa hauna maji ya kushika. Wenye haraka huacha kazi hii mwisho, kisha nusu ya mwaka hawatoki.

Umeme

Rimoti yoyote ya gigahezi 2.4 yenye njia mbili inatosha. Usukani unahitaji sevo ndogo ya gramu 9, bora yenye meno ya chuma. Demani inahitaji sevo yenye nguvu zaidi, ya kilo 6 hadi 10 kwa sentimita, yenye mkono mrefu. Mkono wa sentimita 8.5 ukizunguka robo duara unavuta kamba sentimita 12, kiasi cha kuutoa mti wa tanga kuu katikati hadi karibu ubavuni kabisa kama demani imefungwa sentimita 9 nyuma ya mlingoti. Pima hesabu hii mezani kabla hujatoboa sitaha. Betri nne au tano ndogo za kuchaji za nikeli zinatosha kwa saa nzima na zaidi. Zile za lithiamu polima ni nyepesi, lakini maji ya chumvi yakizifikia zinaweza kushika moto, kwa hiyo mwanzoni ziache. Kipokezi kitie ndani ya puto la sherehe, ufunge mdomo kwa uzi. Ni kinga ya bei ya peremende, na inafanya kazi.

Majini

Jaribio la kwanza liwe kwenye pipa au karai kubwa, si baharini. Tazama kama inakaa sawa omo na tezi. Kama omo imezama, rudisha betri nyuma. Iache nusu saa, fungua, papasa ndani.

Kisha tafuta maji tulivu yenye kina cha mita moja. Ipeleke ikibisha, usukani katikati, upepo wa kadiri. Mashua nzuri itajigeuza yenyewe polepole kuelekea upepo. Ikigeuka kwa nguvu, usukani ukawa unapigana nao muda wote, sogeza mlingoti mbele milimita 5 au punguza mlalo wake wa nyuma. Ikiukimbia upepo, fanya kinyume. Ikibisha, mti wa tanga kuu ukae milimita chache tu nje ya mstari wa katikati, wa tanga la mbele uwe nje zaidi, na mfereji kati ya matanga hayo mawili uwe na upana uleule kuanzia chini hadi juu. Penye upepo wa kurukaruka legeza vichwa vya matanga vifunguke kidogo.

Hesabu pia maji yenyewe. Mwili wa sentimita 65 una kikomo cha mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde unapobisha, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwenye mikono ya bahari wakati wa bamvua, mkondo unaweza kuuzidi mwendo huo, na utaitazama mashua ikienda kinyumenyume huku matanga yamejaa. Shindaneni maji yakiwa yamesimama, au kipindi cha maji mafu. Mwani ukijinasa kwenye pezi, mashua inalemaa ghafla bila sababu inayoonekana. Ichukue ukingoni, safisha, iendelee. Ukirudi nyumbani isuuze yote kwa maji baridi, fungua stika ya sitaha ipumue, na utie tone la mafuta kwenye kila skrubu.

Walio Mwanza, Kisumu au Entebbe hawana chumvi, lakini wana kichocho. Betri ikikata mashua ikiwa nje, usijitose kuifuata. Beba uzi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi mwishoni: urushe mpira upande wa pili wa mashua, vuta polepole, uzi utanasa mlingotini.

Kushindana

Mashua tatu zinatosha. Weka boya moja juu kwenye upepo, moja chini, umbali wa mita 50 au 60, na mstari wa kuanzia kati yao. Mabaharia wa rimoti duniani hutumia kanuni zilezile za World Sailing za vyombo vikubwa, pamoja na kiambatisho E kilichoandikwa kwa ajili yao. Kwa kuanza shikeni tatu. Mashua inayopigwa na upepo ubavu wa kulia ina haki mbele ya inayopigwa ubavu wa kushoto. Zikiwa zinapigwa ubavu mmoja, iliyo joshini huipisha iliyo demanini. Na mwenye kosa huzunguka mara moja, duara kamili, papo hapo, kisha anaendelea. Hakuna kesi ya kubebwa hadi gengeni. Mkiitana, itaneni kwa namba ya tanga, tarakimu mbili kubwa pande zote mbili, kwa sababu "wee!" ufukweni hugeuza vichwa vya kila mtu.

Rekodi simuni sauti ya kuhesabu dakika moja hadi sifuri na uitumie kuanzisha. Fanyeni raundi fupi za dakika 10, sita au nane kwa alasiri moja, aliyeshinda apate pointi moja, wa pili mbili, na kila mtu afute matokeo yake mabaya kuliko yote. Raundi mbili za mwisho badilishaneni mashua. Kama yako inashika mkia mikononi mwa mwenzako pia, irudishe mezani na uanze kwa kukagua tumbo la tanga. Lakini ikiwa imeongoza, weka msasa chini, na wiki ijayo njoo nusu saa mapema ufanye mazoezi ya kuvuka mstari hesabu ikifika sifuri.